Nilivyoitwa Namasakata Kueleza Kama Mungu Anathibitishwa

Barua

Wenzangu wa hapa Mjimwema, tangu nirudi kila ninayekutana naye ananiuliza kule Tunduru niliitiwa nini hasa. Nimejibu vipande vipande, na sasa nasikia wapo wanaosema nilikwenda kusilimu, na wapo wanaosema nilikwenda kumtoa mtu katika dini yake. Afadhali niandike yote mara moja. Habari za ruhusa ya mkuu wa shule na za kutafuta nafasi kwenye lori naziacha, maana zinachosha hata kuzikumbuka.

Barua ilitoka kwa Issa Mkwanda. Wachache wenu mtamkumbuka, nilimfundisha hisabati mpaka kidato cha nne. Siku hizi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Namasakata, na ameoa hukohuko. Aliandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimesema neno ambalo limenitoa nyumbani kwangu. Nilisema kuwepo kwa Mungu hakuwezi kuthibitishwa. Wakwe zangu wanasema nimekufuru, na ndoa yangu na Zuhura iko mashakani. Waliponiuliza nani kanifundisha, nikakutaja. Mjomba wa mke wangu anataka uje useme kwa kinywa chako."

Nilikaa na barua ile siku nzima. Ni kweli nilisema. Tulikuwa kwenye somo la kuthibitisha kanuni za pembetatu, mwanafunzi mmoja akauliza kama Mungu naye anathibitishwa vile, na mimi, kwa kuwa kengele ilikaribia, nikajibu kwamba yapo mambo hayathibitishwi wala hayakanushwi, tuendelee. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mnanijua, mimi ni Mpare wa Kilutheri, naimba kwaya. Lakini mtu akiniuliza najuaje ninayemwimbia, huwa nabadilisha mazungumzo. Na sasa ndoa ya watu ilikuwa inaning'inia kwenye sentensi niliyoitoa ili niwahi kengele.

Songea hadi Lusewa

Lori lilikuwa la mfanyabiashara, na dereva wake aliitwa Ngonyani, mtu wa maneno machache. Tuliambiwa tunakwenda Tunduru moja kwa moja. Tulipopita Namtumbo, Ngonyani akakata kulia. Nilipouliza, akasema, "Tunapitia Lusewa, mama. Kuna mahindi." Tangu biashara ya mazao iachiwe watu binafsi, magari yanafuata mahindi popote yalipo, na abiria anafuata gari.

Juu ya magunia ya mitumba tulikuwa watatu. Mmoja Bwana Temu, mwenye mitumba yenyewe, Mchaga aliyehamia Songea kwa biashara. Wa pili Mzee Mapunda, katekista wa Lusewa, akirudi kwake na mfuko wa vitabu vya mafundisho. Kabla ya saa sita walishajua safari yangu yote, kwa sababu sikujua kuificha, na wakaanza kubishana kwa niaba yangu.

"Mimi sisemi hayupo," alisema Temu. "Nasema mwenye duka asipoonekana miaka na miaka, wateja wataanza kuuliza duka ni la nani."

"Wewe umewahi kuona duka lenye bidhaa lililojijaza lenyewe?" Mzee Mapunda akamuuliza.

"Mzee, siku hizi naona kila siku. Zamani rafu zilikuwa tupu na mwenye duka tulimjua kwa jina. Sasa rafu zimejaa, na hakuna anayejua nani kaleta nini."

"Lakini yupo aliyeleta."

"Yupo. Na yeye nani kamletea?"

Mzee Mapunda akanigeukia. "Mwalimu, mwambie."

Nikasema kwamba mnyororo wa sababu, ukianza kuuliza hivyo, ama uwe na mwanzo ama usiwe nao, na kwamba hesabu zinakubali yote mawili, inategemea umeanza na dhana gani. Wakanitazama wote wawili. Temu akasema, "Kwa hiyo nimeshinda?" Mzee Mapunda akasema, "Hapana, amesema mwanzo upo." Nilijaribu kueleza tena, na nilipomaliza hata mimi sikuwa na uhakika nimesema nini.

Alasiri lori likazama kwenye tope mpaka ekseli. Tulisukuma, tukakata matawi tukayaweka chini ya magurudumu, lori halikutikisika. Mvua ikaanza tena. Mzee Mapunda akaenda kando, akavua kofia, akasali. Haikupita saa, likatokea trekta la mashamba ya tumbaku, likatuvuta.

"Umeona, mwalimu," Mzee Mapunda akasema kwa utulivu.

Temu akapangusa tope usoni. "Mzee, lile trekta nimeliita mimi. Yule mtu wa baiskeli aliyetupita, nilimpa ujumbe awaambie."

"Sawa. Na aliyekukumbusha kumpa ujumbe?"

Temu akapanda juu. Usiku ule kabla sijalala nilijaribu kulipanga jambo lile kama ninavyopanga hoja ubaoni. Trekta moja, mashahidi wawili, na kila mmoja ameondoka na uhakika uleule aliokuja nao. Sikupata pa kuanzia.

Siku mbili Lusewa

Mahindi yalikuwa hayajapigwa. Ngonyani alisema tutaondoka kesho, na kesho yake akasema kesho. Mzee Mapunda akanichukua kwake, na mkewe, Mama Mapunda, akanipokea kwa bakuli la kitu cheupe kizito. Nilidhani ni pombe. Kwetu tumelelewa kutokugusa, nikakataa kwa adabu mara tatu, na kila nilipokataa naye alizidi kuhuzunika, mpaka Mzee akauliza kama nina ugonjwa.

"Hapana, mzee. Mimi pombe situmii."

Mama Mapunda akacheka hadi akakaa chini. Ilikuwa togwa, ya siku hiyohiyo, tamu, anayokunywa hata mtoto. Nilikunywa bakuli mbili kwa aibu. Jioni tukala ugali na likolo, ndivyo wanavyoita mboga za majani, na dagaa wa Nyasa waliokaangwa wakakauka sana.

Siku ya pili asubuhi nilimsindikiza Mzee Mapunda kanisani kwao, kanisa dogo la matofali, kengele yake ni kipande cha chuma cha gari kilichoning'inizwa. Alishika nyundo, akasita.

"Mwalimu, wewe ni mgeni na kesho unaondoka, kwa hiyo nitakuambia. Nimefundisha katekisimu miaka thelathini. Nimebatizisha kijiji kizima. Zipo asubuhi nasimama hapa, nakuwa sioni kitu. Si mashaka. Ni kama kumwita mtu kwenye nyumba ambayo hujui kama amerudi kutoka shamba."

"Unafanya nini asubuhi hizo?"

"Napiga kengele," akasema, akaipiga.

Nilitaka kumuuliza kama hiyo ni imani au ni mazoea. Watu walishaanza kuja, na mimi nikabaki na swali langu.

Tunduru hadi Namasakata

Tulifika Tunduru siku ya nne badala ya ya pili. Issa alikuwa amenisubiri stendi tangu juzi yake. Amekonda, na shati lake lilikuwa limekunjamana, halijaona pasi. Alinipakia kwenye baiskeli na mzigo wangu mbele, na pale njia ilipokuwa mbaya tulishuka tukatembea.

Nilimuuliza mkewe amerudi kwao wapi. Akasema hajaenda popote. Kwa Wayao mume ndiye anayehamia kwa watu wa mke, kwa hiyo aliyetoka ni yeye, analala kwenye ofisi ya shule. Kwetu Upareni mke ndiye hufunga mzigo. Ilinichukua muda kuligeuza jambo hilo kichwani, na kumbe mjomba wa mke ndiye mwenye sauti ya mwisho pale, kuliko hata baba.

"Lakini ulilisema wapi neno hilo?" nikamuuliza. "Ulikuwa unabishana na nani?"

"Nilikuwa namjibu Zuhura."

"Aliuliza nini?"

Alisukuma baiskeli hatua kadhaa. "Kuhusu Mungu tu, mwalimu. Nilijibu kama ulivyotufundisha."

Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa nikipanga hotuba yangu.

Barazani

Kumbe walikuwa wanamsubiri mwanamume. Issa alikuwa amewatajia tu jina la "Mwalimu Mbwambo", na hakuna aliyefikiri zaidi. Walikuwa wametandika mkeka barazani kwa Mzee Kazembe, huyo mjomba, na wazee kama kumi wamekaa, nami nikashuka kwenye baiskeli na kitenge changu. Niliamkia, "Shikamooni wazee," wakaitikia, kisha wakawa wanatazama barabarani nyuma yangu.

"Mwalimu mwenyewe yuko wapi?" Mzee Kazembe akauliza.

"Ndiye huyu," akasema Issa.

Pakawa na minong'ono kwa Kiyao. Niliambiwa niende uani kwa akina mama nipumzike wakati wanashauriana. Nikainuka kwenda. Shehe Mfaume, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, ndiye aliyenizuia. "Mwacheni akae. Ametoka Songea kwa tope. Tulimwita kwa elimu yake, na elimu tumeikuta."

Nikakaa pembeni ya mkeka na kueleza. Nilisema kwamba kutoweza kuthibitisha jambo si kulikanusha. Mtu akisema siwezi kuonyesha kwamba Mungu yupo, hajasema hayupo, wala hawezi kuonyesha kwamba hayupo. Niliona nyuso hazielewi, nikatafuta mfano wa karibu.

"Kwa mfano, mtu aniulize kama Mzee Kazembe ana ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma. Nikisema siwezi kuthibitisha, sijasema hana. Ndugu huyo anaweza kuwepo, mzima kabisa."

Mzee Kazembe akasimama.

"Umemwona wapi?"

"Nani, mzee?"

"Ndugu yangu. Umesema ni mzima. Tangu vita vya Msumbiji sijapata habari zake. Nani kakuambia?"

Nilieleza kwamba ni mfano tu, kwamba sikujua ana ndugu, kwamba nilichagua mto kwa sababu uko karibu. Issa akatafsiri kwa Kiyao. Mwingine akatafsiri tofauti. Mzee mmoja alianza kuuliza kama na mwanawe nimemwona. Kadiri nilivyokana ndivyo ilivyoonekana nafahamu kitu na nakificha. Mwisho Shehe Mfaume alimshika Mzee Kazembe mkono akamkalisha, akamwambia taratibu, "Hajamwona. Amesema hajui." Mzee akaketi akitazama chini, na mimi nikajiona mtu mbaya kuliko wote waliowahi kukaa kwenye mkeka ule.

Kisha Shehe akamgeukia Issa. "Unakanusha kwamba Mungu yupo?"

"Sikanushi, shehe."

"Basi toa shahada."

Issa akaitoa, bila kusita, kwa sauti iliyosikika.

"Sisi hatumjui Mungu kwa hesabu za ubaoni," akasema Shehe. "Ishara zake tunaziona mchana kutwa. Lakini mtu aliyesema sijui kuonyesha hajasema hapana. Kwangu mimi huyu ni Mwislamu, na ndoa yake ipo."

Mzee Kazembe aliitikia kwa kichwa. Nilidhani kazi imekwisha. Akatumwa mtu uani kumwambia Zuhura kwamba mumewe anarudi. Alirejea upesi.

"Amekataa," akasema.

Wazee wakatazamana. Issa alinitazama mimi. Sikuelewa, na nadhani hakuna aliyeelewa.

Uani

Ndipo nikapelekwa uani. Mama yake Zuhura alinipa wali na samaki wa mtoni kwa mchuzi mwepesi, nikala kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Zuhura alikuwa anachambua kunde kwenye ungo, binti wa miaka ishirini na kitu, uso umetulia.

"Mdogo wangu," nikaanza, "shehe amesema mumeo hakukufuru."

"Najua hakukufuru."

"Unajua?"

"Issa anasali kuliko kaka zangu. Neno la kukufuru ni la mjomba. Mimi sikulisema."

"Sasa kwa nini unakataa arudi?"

Akaacha kuchambua. "Hakukuambia habari za mtoto?"

"Mtoto gani?"

Mama yake aliondoka kimya kimya akaenda jikoni. Zuhura aliweka ungo chini, akafuta mikono kwa kanga yake, na akanieleza. Mtoto wao aliitwa Mwanaisha, alikuwa na miaka miwili, homa ilimchukua kwa siku mbili. Jioni waliyomzika, watu walipopungua, Zuhura alimuuliza mumewe, "Mwanangu yuko wapi sasa?" Issa akafikiri, akajibu kwamba kama Mungu yupo basi yuko kwake, lakini kuwepo kwa Mungu hakuwezi kuthibitishwa. Kaka mmoja wa Zuhura akasikia, akapeleka kwa mjomba, na kuanzia hapo ubishi ukawa wa wanaume.

"Wamekaa vikao vitatu," akasema Zuhura. "Hakuna hata kimoja ambamo jina la mtoto lilitajwa."

Nikaanza kulia. Nilitoka Songea na hotuba kichwani, nikazama tope, nikamvunja moyo mzee wa watu, na sikujua kwamba kuna mtoto. Nilimuuliza Mwanaisha alikuwaje. Akanieleza kwamba alikuwa hawezi kusema "kuku", akisema "tutu", na kwamba alipenda kulala mguu mmoja ukiwa nje ya kanga hata wakati wa baridi. Alizungumza mpaka kivuli cha jiko kikafika miguuni petu.

Kisha akaniuliza, bila ukali, "Mwalimu, wewe umesoma. Yuko wapi?"

Nilitafuta jibu la kanisani kwetu. Lilikuwepo, nimeliimba mara nyingi, lakini halikutoka.

"Sijui, mdogo wangu," nikasema.

"Asante," akasema, akachukua ungo wake.

"Lakini ndivyo alivyosema Issa."

"Hapana. Issa alisema haithibitishwi. Wewe umesema hujui."

"Kuna tofauti?"

"Ipo."

Nimelifikiri jambo hilo tangu siku ile. Ukiniwekea sentensi hizo mbili ubaoni nitasema zina maana moja. Zuhura hakuwa anabahatisha, na bado sijaweza kuonyesha tofauti iko wapi.

Kuondoka

Nilimkuta Issa shuleni, amekaa kwenye dawati la wanafunzi. Nilimuuliza kwa nini hakunitajia mtoto.

"Nilidhani hahusiki na hoja," akasema. Kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na sikuwahi kumwona mwanafunzi wangu analia vile, hata siku ya matokeo.

Nilimweleza alichosema Zuhura kuhusu yale majibu mawili. Akapangusa macho, akawa Issa niliyemfundisha.

"Lakini mwalimu, ni kitu kimoja."

"Najua ni kitu kimoja. Nami nimemwambia hivyo, amekataa."

"Sasa nikaseme nini?"

"Sijui, Issa. Ila usiende na hoja."

Alikaa sana. Giza lilipoanza kuingia akaondoka kwa miguu kuelekea kwa wakwe zake, baiskeli akaiacha imeegemea ukutani. Mimi nililala kwa mke wa mwalimu mkuu, na hakuna aliyeniletea habari.

Asubuhi alikuja jirani mmoja kunipeleka Tunduru kwa baiskeli. Issa ameshindwa kuja, akasema, na hakusema zaidi. Kwa Mzee Kazembe nilipita kuaga na kuomba radhi kwa ule mfano wangu. Aliniambia haina neno, ila nikirudi Songea niwaulize watu wanaotoka Msumbiji. Akanitajia jina la ndugu yake mara mbili ili nisisahau. Nimeshaanza kuuliza.

Njia ya kutoka kijijini inapita kando ya makaburi. Zuhura na Issa walikuwa pale, wamechuchumaa pande mbili za kaburi dogo ambalo udongo wake ulikuwa haujashuka. Mvua zile zilikuwa zimeotesha majani, nao walikuwa wanayang'oa kwa mikono. Zuhura alikuwa anaongea, sikusikia nini. Yule jirani alitaka kupiga kengele ya baiskeli ili niage, nikamzuia. Tulishuka, tukaisukuma taratibu.

Tulipokuwa karibu kabisa nilimsikia Zuhura akiuliza swali lake lile lile. Issa aling'oa jani la mwisho la upande wake, akaliweka kwenye lundo.

"Sijui, Mama Mwanaisha," akasema.

Tangu nifike Namasakata sikuwa nimesikia mtu yeyote akimwita hivyo. Zuhura aliinamisha kichwa. Kisha akasogea kidogo, akampisha Issa aje upande wake, maana upande aliokuwa Issa ulikuwa umeshasafishwa.